Mbogo Aliyelala Barazani kwa Valentini

Klementi anasema alikwenda kutafuta gome la mti la kumchemshia mkewe, maana Dativa alikuwa anakohoa. Anasema umande ulikuwa umeshakauka, naye akakata njia kupitia mahame ya marehemu Valentini, pale penye mikorosho mizee isiyopogolewa. Akasikia harufu kama ya zizi. Akasimama. Mbele yake, hatua kama thelathini, wamelala mbogo watatu, madume watupu, tope limewakaukia mgongoni. Wawili wamejikunja kama anavyojikunja ng'ombe. Wa tatu, anasema Klementi, hakulala kama mnyama. Alikuwa pale pale ilipokuwa baraza ya Valentini, kifua juu, mguu wa kulia wa mbele ameunyoosha mbele yake, na mguu wenyewe umevimba kuanzia gotini mpaka kwenye kwato.

"Tende," anasema Klementi, na hapo huunyoosha mguu wake mwenyewe ili watu waone. "Tende kama la nani? Semeni wenyewe, mie sisemi."

Hakukuwa na haja ya kusema. Mzee Valentini aliugua matende ya mguu wa kulia miaka ishirini, na kila aliyepita njia ile alimkuta barazani kwake amekaa hivyo hivyo, mguu mbele, mgongo ukutani, anaitikia salamu.

Anasema kabla hajapata akili ya kukimbia, akamwona Bibi Romana, mjane wa Valentini, anatokea upande wa kisimani na ndoo kichwani. Hakupiga yowe. Alipita kando ya wale mbogo kama mwanamke anayepita kando ya wageni wa mumewe, akasema, na Klementi anaapa kwa Bikira Maria kwamba alisikia kwa masikio yake mawili: "Mzee, lala tu. Mimi napita." Na yule mwenye tende akatikisa sikio.

Klementi akakimbia, shoka lake likabaki huko huko.

Hiyo ndiyo habari kama alivyoisema siku ya kwanza. Siku ya pili Bibi Romana alikuwa amebeba uji, si maji. Siku ya nne alikuwa amechuchumaa anampaka mbogo mafuta mguuni. Klementi hakuyaongeza hayo, lazima nimtendee haki. Waliyaongeza wengine, kila mmoja kidogo, kama watu wanaochangia harusi.

Mimi naitwa Ziada. Nilimaliza darasa la saba hapa hapa Namtende, nikarudi kwa mama kulima. Mwaka huo tulipanda mtama upande wa mahame, na mtama ukianza kukaza punje lazima mtu aamie, la sivyo ndege wanakuachia mabua. Basi kuanzia asubuhi mpaka jua linapotua mimi nakaa dunguni, kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, na debe la kugonga na teo la kurushia udongo. Watu huona ni kazi ya kuchosha. Mimi sichoki. Ukikaa mahali pamoja siku nyingi bila kusema, vitu vinaacha kukuogopa.

Mahame ni mahali walipohamishwa watu. Mwaka wa vijiji, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama, wote waliokuwa wamesambaa huko milimani waliteremshwa wakapangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba kama meno. Mikorosho ikabaki, nyumba zikaanguka. Ulipokuja wakati wa ruksa ya kufanya biashara, watu wenye malori yao wakaanza kufika kutoka Kivinje na Lindi kununua korosho na ufuta mpaka mlangoni kwa mtu, na kila aliyekuwa na mahame akayakumbuka. Mzee Valentini na mkewe walikuwa wa kwanza kurudi. Walijenga juu ya tuta lile lile la nyumba yao ya zamani. Valentini alipofariki, masika mbili zikaiangusha nyumba, na Bibi Romana akajijengea kibanda kidogo karibu na kisima. Kwenye tuta ikabaki ardhi tu iliyoinuka, na alama ya baraza.

Kwa hiyo mbogo wale nilikuwa nikiwaona kabla ya Klementi. Walikuja saa tatu, wakalala, saa tisa wakaondoka kwenda majini. Sikumwambia mtu. Nani angeniuliza?

Walikuja kuniuliza baadaye, wakati habari ilishaota mizizi. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Rashidi, aliniita ofisini mbele ya wazee watatu.

"Wewe uko dunguni kutwa," akasema. "Umeona nini?"

"Nimeona mbogo amelala," nikasema.

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mtoto wa mama yake! Watu wanaona mizimu, yeye anaona mbogo amelala."

Rashidi hakucheka. Alikuwa mtu mwema, tena mwoga kidogo, na mchanganyiko huo unamchosha mtu. Akanieleza mambo yalivyofikia: Bibi Romana anashukiwa kumrudisha mumewe kwa uchawi. Kwetu mtu akishukiwa hapelekwi polisi. Huitwa mnyoaji. Yuko mmoja ng'ambo ya mto, anakuja na wembe na kata ya kifuu iliyotiwa dawa, anamnyoa mtu nywele zote mbele ya kijiji, na baada ya hapo wanasema amesafishwa, ule uchawi umekatika. Lakini kila mtu anajua maana yake. Ukikubali wembe umekubali kwamba ulikuwa nao. Hakuna atakayekuja kukuomba moto. Hakuna atakayemtuma mtoto wake kwako. Na kwa Bibi Romana kulikuwa na jingine zaidi: wazee walitaka akishanyolewa ahame mahame, akae kando ya ofisi ya kijiji, aonekane. Bila shamba, bila mikorosho, na umri ule.

"Jumamosi mnyoaji anakuja," Rashidi akasema. "Nikikataa, watasema nimelishwa dawa. Nikikubali, nitamtazamaje yule bibi? Yeye ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza."

"Nipe mpaka Jumamosi," nikasema.

"Ufanye nini?"

"Nitazame."

Siku ile ile nilikwenda kwa Bibi Romana. Yeye ni Mkristo, sisi Waislamu, lakini ni bibi yangu kwa namna zote zinazohesabika, na tangu nikiwa mdogo huniita mke mwenza. Nilimkuta anapepeta choroko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Umekuja kuninyang'anya mume?"

"Mume gani, bibi, na mumeo ameota pembe?"

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Halafu akaacha kucheka ghafla, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wanasema nilimwita mzee," akasema. "Ni kweli. Kwani nimwite nani? Mama yangu alinifundisha, ukiwa porini hutaji jina. Simba ni bwana mkubwa, nyoka ni kamba, mbogo ni mzee. Ukimtaja umemwita. Ukimkuta amelala unamwambia lala, mimi napita, na unapita polepole, usimtazame machoni. Nimefanya hivyo toka sijavunja ungo."

"Klementi mama yake hakumfundisha?"

"Klementi amekulia barabarani. Hawa wa barabarani wanajua majina ya malori." Akashika ungo tena, lakini hakupepeta. "Yeye mzee anayemjua ni Valentini tu, maana nilikuwa namwita mume wangu hivyo mbele za watu. Mzee anakula, mzee amelala, mzee hataki. Mtoto wa watu kasikia neno moja, kaniua."

Nikamuuliza kama atakubali wembe.

"Nimebatizwa kwa kichwa hiki," akasema. Kisha akauweka ungo mapajani: "Lakini sitakuficha, Ziada. Siku ya kwanza nilipoliona lile guu, na mimi moyo ulinipiga. Pale pale alipokuwa akikaa. Nikasimama. Nikasema moyoni, wewe mwanamume, umerudi kunisumbua? Ndipo nikaona anamwegemea mwenzake. Nikajua siye. Valentini hakumwegemea mtu hata siku moja. Hata pale alipokuwa hawezi kwenda msalani, alinifukuza."

Aliposema hivyo alikuwa akitabasamu, na mkono wake ukawa unachezea choroko kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea humo.

Nilirudi dunguni kesho yake kabla ya ndege kuamka. Nilikuwa na siku tano.

Walikuja saa tatu kama kawaida. Huyu mgonjwa alikuwa wa mwisho, anachechemea, kichwa kinashuka na kupanda kila hatua. Wenzake walilala kwanza. Mbogo akilala hupiga magoti ya mbele, halafu anashusha matako. Yeye hakuweza kupiga goti la kulia. Alizunguka lile tuta mara tatu, nikahesabu, akatafuta mahali, akaweka kifua chake kwenye mwinuko na kujiachia kwa nyuma, taratibu, kama bibi kizee anayekaa kwenye kigoda kifupi. Mguu ukabaki mbele umenyooka. Akapumua kwa nguvu mpaka vumbi likaruka.

Muda si muda akaanza kulala kwa ubavu. Hili nililiogopa, maana ng'ombe akilala ubavu muda mrefu tumbo linamjaa hewa, anaweza kufa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona tena. Mmoja wa wale wengine, mwenye sikio lililochanika, aliinuka, akaja nyuma yake, akalala tena, mgongo kwa mgongo. Akamsukuma kidogo kwa kiuno. Yule mgonjwa akarudi kukaa wima. Wakabaki hivyo wanacheua, wameegemeana kama watu wawili waliochoka kwenye safari. Yangeyange wakatua juu yao wote wawili bila kubagua.

Nilisahau kugonga debe. Mama alipokuja na chakula aliniuliza, "Unaamia mtama au unaamia mbogo?" Ndege walikuwa wamekula mstari mzima.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu nilianza kujiuliza kwa nini pale. Mahame ni makubwa, kivuli kiko kila mahali, na pale kwenye tuta jua linachoma. Wenzake walikuwa wakitamani kivuli, niliwaona wakigeuza vichwa. Lakini yeye hatoki kwenye tuta. Watu wangesema, unaona, amerudi kwake.

Jibu lilikuja siku ya nne, Alhamisi. Asubuhi ile upepo ulibadilika ukawa unatoka kibandani kwa Bibi Romana, moshi wake ukawafuata. Mbogo hawakukaa mahame. Wakavuka kijito, wakaja upande wangu mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilicho mwisho wa mtama wetu, hatua hamsini kutoka dunguni. Nilijilaza kwenye fito nikashika pumzi. Yule mgonjwa akakizunguka kichuguu, mara tatu, akaweka kifua chake kwenye mwinuko, akajiachia kwa nyuma, akanyoosha mguu. Mwenye sikio lililochanika akaja akampa mgongo.

Nililia, sijui kwa nini. Mzee Valentini hakuwahi kuwa na nyumba kwenye kile kichuguu. Mbogo hakutafuta baraza ya mtu. Alitafuta mahali palipoinuka, kwa sababu akilala mahali tambarare asingeweza kusimama tena.

Na kwa vile alikuwa karibu, niliona jambo la pili. Alipougeuza ule mguu kuwafukuza nzi, kitu kikamulika kwenye uvimbe, juu kidogo ya kwato. Kikamulika tena. Waya. Ulikuwa umezama kwenye nyama, na ncha yake iliyokatika imechomoza kama mwiba.

Saa tisa walipoondoka nilishuka. Sikuwafuata wao, nilifuata nyayo zao za asubuhi kurudi nyuma walikotoka. Mwendo kama wa nusu saa nikafika kwenye mti mchanga wa mkongo uliomenyeka gome pande zote. Ardhi chini yake ilikuwa imelimwa kwa kwato kama shamba la mpunga. Shinani kimebaki kipande cha waya kimefungwa, waya ule wa nyuzi za chuma zilizosokotwa ambao watu wa magogo walivutia miti mwaka uliopita. Namtende nzima ni mtu mmoja aliyeokota waya wao na kuufumua. Mkewe anaanikia nguo.

Shoka la Klementi nalo lilikuwa pale, limeegemezwa vizuri kwenye mti, mpini juu. Si mahame. Pale, mtegoni.

Nilikaa chini kando ya lile shoka muda mrefu. Kumtega mbogo bila kibali ni kifungo, na si kifungo cha miezi. Klementi ana watoto wanne, na wa mwisho, Damiani, hajaacha kunyonya. Nikilipeleka shoka kwa Rashidi, Bibi Romana amepona na Dativa amekuwa mjane wa mtu aliye hai. Nilichoka kufikiri. Nikalifunga shoka kwenye khanga yangu ya pili, na kesho yake nikaenda kwao.

Ijumaa hiyo, kabla ya watu wetu kwenda msikitini, nilimkuta Klementi uani anasuka tenga. Dativa alikuwa amekaa kwenye mkeka anamnyonyesha mtoto, anakohoa kweli, si kwa kusingiziwa.

"Hodi hapa. Shikamoo, Baba Damiani. Shikamoo, Mama Damiani."

"Marahaba. Karibu, mwenye ndege," akasema Klementi. "Leo umewaachia mtama?"

Nikaweka khanga mbele yake nikaifungua. Alilitazama shoka. Dativa naye alilitazama, halafu akamtazama mumewe, na nikajua kwa macho yale kwamba hakuwa akijua lolote.

"Umelitoa wapi?" Klementi akauliza, sauti imeshuka.

"Ulikoliacha."

Mkono wake ukaendelea kusuka peke yake, ukachanganya ukindu, akaufumua.

"Nilisema nililiacha mahame."

"Ulisema."

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi. Nilidhani atanitukana. Badala yake alianza kueleza, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Sikiliza. Nilitega digidigi. Wallahi," akasema, yeye Mkristo, akaapa kiapo chetu Waislamu, "digidigi tu, watoto wapate kitoweo. Mbogo kaingiza mguu mwenyewe. Nimefika asubuhi, waya umekatika, damu, ardhi imechimbika. Nimeweka shoka niufungue uliobaki, kichaka kikatikisika. Sijui hata kilikuwa nini. Nimekimbia mpaka mahame nikijua pale peupe, na ndio nakutana nao uso kwa uso! Na lile guu! Na yule bibi anasema mzee, mzee! Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema nimeuona waya wangu."

"Sikuuona waya! Niliona tende!" Akajipiga pajani. "Kweli tupu, Ziada. Niliona Valentini. Nimekuja nyumbani natetemeka, huyu ananiuliza shoka liko wapi, nimwambie nini? Nikamwambia nilichokiona. Nilificha kidogo tu, pale mwanzo. Hayo mengine, uji, mafuta, mie simo. Uongo wangu ulikuwa mdogo. Nyie ndio mmeulisha."

"Digidigi hategwi kwa waya wa winchi," Dativa akasema. Hayo tu. Akamhamisha mtoto titi la pili.

Klementi akainamisha kichwa.

"Baba Damiani," nikasema, "kesho wanamnyoa bibi."

"Najua."

"Si lazima useme habari ya mtego. Sema ulisikia vibaya. Sema ule mguu si wa Valentini. Wewe ndiye uliyeanza, ukisema wewe watanyamaza."

"Na wakiniuliza nimejuaje kwamba siye? Nimejuaje kwamba ni waya? Rashidi ataniuliza. Wale wazee wataniuliza." Akaniinulia macho, mekundu. "Unataka nijifunge mwenyewe, dada yangu?"

 Nilikuwa na umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho, yeye ananiita dada. Nikaondoka. Shoka nikaliacha kwenye mkeka. Mama alipojua alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. "Huo ndio ulikuwa ushahidi wako! Umempelekea mwenyewe! Kesho utasema nini, macho yangu ni marefu?" Labda alikuwa na haki. Lakini shoka lile lilikuwa ushahidi wa kumfunga mtu, na mimi sikwenda kutazama mbogo siku nne ili nimfunge mtu.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji mapema, wengine wamekuja na vigoda vyao. Mnyoaji alikuwa mwanamume mnene, mpole, amevaa shati safi. Alikuwa ameweka wembe juu ya kitambaa cheupe, na kata ya dawa kando yake. Bibi Romana aliletwa na wanawake wawili, akakalishwa kwenye mkeka katikati. Alikuwa amesuka nywele zake. Nywele nyeupe, chache, lakini amezisuka mistari safi, kama mtu anayekwenda kanisani Pasaka. Kuna mwanamke nyuma yangu aliyesema, "Kajipamba kwa ajili ya mumewe," na wachache wakacheka, na wengine wakamwambia nyamaza.

Rashidi akasimama. Akasema yale yanayosemwa. Halafu akauliza, kwa sauti iliyokuwa inaomba, kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. 

Niliwaambia nilichokiona. Niliwaeleza jinsi anavyolizunguka tuta mara tatu, anavyoweka kifua, anavyojiachia. Niliwaeleza habari ya mwenye sikio lililochanika anayempa mgongo. Mtu akasema, "Kumbe mbogo wana adabu kuliko nyie wake wa siku hizi!" na watu wakacheka, lakini walikuwa wanasikiliza. Nikawaambia habari ya kichuguu. Nikawauliza kama Mzee Valentini aliwahi kuishi kwenye kichuguu chetu. Nikaona wazee wawili wanatazamana.

"Mguu umevimba kwa sababu una waya," nikasema. "Waya wa mtego. Nimeuona."

Kelele zikaanza. Mzee mmoja akasimama. "Huyu ni mke mwenza wake, wanaitana hivyo! Atakosaje kumtetea? Nani mwingine aliyeuona huo waya? Aende nani akamshike mbogo mguu atazame?"

"Waya wa nani?" akauliza Rashidi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameanza kuelewa, nadhani, na alikuwa hapendi anachokielewa.

"Waya hauandikwi jina, mwenyekiti," nikasema.

"Basi hatuna kitu," akasema yule mzee. "Ni neno la msichana wa ndege dhidi ya mtu aliyeona na kusikia. Mnyoaji, endelea na kazi yako."

Mnyoaji akachovya vidole kwenye kata, akavipitisha kwenye ile mistari ya nywele. Maji yakamtiririkia Bibi Romana shingoni. Hakujifuta. Hakunitazama mimi wala mtu yeyote, alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

Klementi alikuwa amesimama pembeni, karibu na nguzo ya bendera, Dativa nyuma yake na mtoto. Nilipita katikati ya watu waliokaa, nikiruka miguu ya wengine, mpaka nikafika mbele yake. Sikupandisha sauti. 

"Baba Damiani," nikasema, "sikuulizi ulikwenda kufanya nini kule. Sitakuuliza, na mwingine asikuulize. Nakuomba neno moja tu. Waambie ule mguu haukuwa wa Mzee Valentini."

Alinitazama. Midomo yake ikafunguka kidogo. Nyuma yake Dativa alianza kukohoa, akajiziba kwa kiganja ili asikose kusikia, na mnyoaji, wembe mkononi, akageuza kichwa naye kusubiri.

"Neno moja, kaka yangu," nikasema tena.

Klementi akaangalia chini, kwenye miguu yake. "Haukuwa wake," akasema, na mnyoaji akaurudisha wembe juu ya kitambaa.